Chakula na Kizazi: Safari ya Miaka Mia Moja

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka polepole.)

  Nawasalimu akina mama mlio jikoni, nyanya mnaolea wajukuu, akina dada mnaotusikiliza mkifua nguo, na akina baba mlioketi kando ya redio mkijifanya mnasoma gazeti. Leo, akina baba, nawaomba mliweke gazeti hilo chini, maana mazungumzo haya yanawahusu nusu kwa nusu.

Majuzi nilikuwa sokoni nikipimiwa omena. Mama mmoja wa makamo akaitambua sauti yangu, akanivuta kando. Alifungua mkoba wake akanionyesha mkebe wa unga wa kijani. Alikuwa ameununua kwa shilingi 3,500 kwa mchuuzi aliyemwambia kwamba ni chakula kitupu, hauna kemikali, na kwamba unafungua kizazi kwa muda wa miezi mitatu.

"Mwanangu, huu ni wa mke wa kijana wangu," aliniambia. "Huu ni mwaka wa tatu na bado hatujabeba mjukuu. Nimpe?"

"Na kijana wako, mama, naye atakunywa?"

"Kijana wangu ana shida gani? Yeye ni mzima. Ugali anamaliza sahani mbili."

Sikuweza kumjibu vizuri pale pale, watu wakipita na matoroli. Jibu lake ni refu. Wataalamu wamelitafuta kwa muda wa miaka mia moja, na wengine wao walipotea njia. Kwa hivyo leo nataka tuifuate safari hiyo tangu mwanzo, ili yeye, nawe unayesikiliza, mjue ni nini chakula kinaweza kufanya kwa bibi na bwana wanaotafuta mtoto, na ni nini hakiwezi.

Safari yenyewe inaanza na panya. Mwaka wa 1922, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, Marekani, Herbert Evans na mwenzake Katharine Bishop walikuwa wakifuga panya weupe wa maabara. Waliwalisha chakula kilichopimwa kwa makini: protini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe, madini, na vitamini zilizojulikana wakati huo. Panya walikua vizuri. Mtu yeyote angewatazama angesema wana afya tele. Lakini hawakuzaa. Majike walishika mimba, kisha watoto wakafa na kuyeyuka humo humo tumboni.

Evans na Bishop walipowaongezea majani ya saladi, panya wakazaa. Baadaye wakaona kwamba kiini cha ngano, ile sehemu ndogo ya punje inayochipuka, kina nguvu zaidi. Kwa madume habari haikuwa nzuri hivyo. Korodani zao zikisha kuharibika kwa kukosa kitu hicho, hata kiini cha ngano hakikuzirudisha. Mwaka wa 1936 Evans na wenzake walifaulu kukitenga kitu chenyewe, na kwa msaada wa profesa wa Kigiriki wakakiita tokoferoli, jina lenye maana ya kitu kinacholeta uzazi. Sisi tunakijua kama vitamini E.

Jina hilo likageuka tangazo la biashara. Tangu siku hizo, mafuta ya kiini cha ngano na vidonge vya vitamini E vimeuzwa kwa watu wanaotafuta mtoto, na vinauzwa hata leo. Lakini binadamu si panya wa maabara. Vitamini E imo katika mafuta ya kupikia, njugu karanga, parachichi na mboga za majani, na ni nadra sana mtu mzima anayekula chakula cha kawaida kuikosa kabisa. Hakujapatikana ushahidi thabiti kwamba kumwongezea mtu ambaye hakupungukiwa kunampa mtoto.

Shikeni jambo hilo, akina mama, maana litarudi tena na tena. Kurudisha kilichopungua ni kitu kimoja. Kuongeza juu ya kilichotosha ni kitu kingine kabisa. Mkebe wa yule mama wa sokoni unaishi katikati ya vitu hivyo viwili, na muuzaji hapendi uvitenganishe.

Panya unaweza kumnyima chakula ukamtazama. Mwanadamu huwezi kumtendea hivyo. Lakini vita vilimtendea.

Mnamo Septemba 1944, katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, majeshi yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani yalifika kusini mwa Uholanzi. Wafanyakazi wa reli wa Uholanzi waligoma ili kuyasaidia. Wajerumani, waliokuwa bado wameikalia sehemu kubwa ya nchi, walilipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisifike miji ya magharibi: Amsterdam, Rotterdam, The Hague na mingineyo. Zuio hilo lilipolegezwa, majira ya baridi yalikuwa yamewasili na mifereji ya mashua ikaganda. Mwishoni mwa Novemba mgao wa mtu mzima ulikuwa chini ya kalori 1,000 kwa siku. Katika miezi mibaya zaidi ulishuka ukawa kati ya 400 na 800. Ili mpate kuelewa, mwanamke mzima anahitaji takriban kalori 2,000. Watu walikula viazi vya kutengenezea sukari, na hata vitunguu vya maua ya tulipu. Zaidi ya watu 20,000 walikufa kabla ya nchi kukombolewa Mei 1945.

Katika dhiki hiyo yote, hospitali ziliendelea kuandika rekodi zake. Baada ya ukombozi, daktari wa watoto kutoka Marekani, Clement Smith, alikwenda akazisoma rekodi za Rotterdam na The Hague, na mwaka wa 1947 akachapisha alichokiona. Karibu nusu ya wanawake walikuwa wamekosa hedhi wakati wa njaa. Hawakuwa wagonjwa, hawakuwa wamelaaniwa, na mama mkwe hakuwa na la kulaumu. Walikuwa na njaa. Ukihesabu miezi tisa kutoka ile miezi mibaya, idadi ya watoto waliozaliwa ilishuka hadi takriban nusu ya kawaida.

Mwaka wa 1975 Zena Stein na Mervyn Susser, mke na mume waliozaliwa Afrika Kusini, walitoa kitabu na wenzao kuhusu njaa hiyo hiyo. Walionyesha kwamba familia za vibarua zilipungukiwa na uzazi kuliko familia za wenye kazi za ofisini. Hilo halitashangaza mtu yeyote anayeishi mtaani. Mwenye kitu daima hupata njia ya kununua kiazi kimoja zaidi.

Na chakula kiliporudi? Hedhi zilirudi kwa wengi baada ya miezi michache, na mwaka wa 1946 Uholanzi ilijaa watoto wachanga. Hakuna aliyewauzia unga wa mkebe. Walipata mkate, viazi, maziwa, na amani.

Sasa baba aliyeweka gazeti chini asidhani kwamba yeye ameachwa nje. Katika mwezi ule ule wa Novemba 1944 wanaume 36, vijana wenye afya, walijitolea kukaa na njaa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya uangalizi wa Ancel Keys, ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu watakaotoka vitani wamekonda. Kwa wiki 24 walipewa takriban nusu ya chakula walichozoea. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Hamu ya tendo la ndoa ilikwisha; waliota ndoto za chakula badala ya wasichana, na baadhi yao walianza kusoma vitabu vya mapishi kama watu wanavyosoma riwaya. Chakula kiliporudi, hamu nayo ilirudi, lakini polepole, kwa miezi.

(Muziki mfupi.)

Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya Wazungu na vita vyao. Basi tuje karibu na nyumbani. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa kama hapa kwetu, wanaishi wakulima wa kabila la Walese. Katika miaka ya 1980 watafiti wakiongozwa na Peter Ellison waliwaomba wanawake wa huko wateme mate ndani ya vichupa vidogo, siku baada ya siku, ili wapime homoni za uzazi zilizomo. Walese wanalima mashamba ya msituni, na kabla ya mavuno kuna miezi ambayo akiba imekwisha na mazao mapya hayajaiva. Mkulima wa Ukambani hahitaji kuelezwa miezi hiyo. Watafiti walikuta kwamba wakati huo wanawake walipungua uzito, homoni zao zikashuka, na mimba zilizotungwa zikawa chache. Baada ya mavuno, mambo yalirudi.

Hakukuwa na vita hapo. Ilikuwa kupungukiwa kwa kawaida, kwa kila mwaka, na miili ya wanawake iliona.

Mwili unajuaje? Mwaka wa 1974 Rose Frisch wa Harvard, pamoja na daktari Janet McArthur, waliandika kwamba mwanamke anahitaji akiba fulani ya mafuta mwilini ndipo apate hedhi na iendelee vizuri. Wenzao walibishana nao kuhusu kipimo chenyewe, lakini wazo kuu lilipata nguvu mwaka wa 1994, wakati Jeffrey Friedman na wenzake kule New York walipogundua homoni iitwayo leptini. Hutengenezwa na mafuta ya mwili na kupeleka habari kwenye ubongo kwamba akiba ipo au haipo. Ubongo ni kama mama anayechungulia debe la unga kabla ya kukubali wageni. Akiona debe ni tupu, hualiki mtu. Huacha kutuma ile amri ya kupevusha yai.

Debe likifurika vilevile kuna taabu, na siku hizi mijini tunaiona zaidi. Uzito ukizidi sana, homoni huvurugika, na mwanamke anaweza kukaa miezi bila yai kupevuka. Lakini hapa kuna habari njema ambayo watu wengi hawajaambiwa: si lazima awe mwembamba. Wanawake wengi wa namna hii huanza kupata hedhi ya kawaida wakipunguza hata sehemu 5 hadi 10 kwa mia ya uzito wao. Kwa mama wa kilo 90, hizo ni kilo 4 na nusu hadi 9. Mwanamume mnene kupita kiasi naye mbegu zake huathirika. Zile sahani mbili za ugali si cheti cha daktari.

Nimekuja sasa kwenye kisa ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinawahusu wanaume na kinahusu chakula ambacho kilionekana kutosha.

Mwaka wa 1958 daktari kijana aliyezaliwa India na kusomea Marekani, Ananda Prasad, alikwenda kufanya kazi katika mji wa Shiraz, Irani. Aliletewa mgonjwa wa kiume mwenye umri wa miaka 21. Ukimtazama ungesema ni mtoto wa miaka 10. Alikuwa mfupi, hakuwa na ndevu, na sehemu zake za siri zilikuwa za mtoto mdogo. Alikuwa amepungukiwa sana na damu. Daktari alipomuuliza anakula nini, alisema mkate, karibu kila mlo mkate, ule mkate bapa usiotiwa hamira. Nyama hakuipata. Na zaidi ya hayo alikuwa akila udongo, takriban nusu kilo kwa siku.

Prasad akagundua kwamba kijana huyo hakuwa peke yake. Walikuwepo wengine wa vijiji vya jirani. Baadaye alihamia Misri, akakuta vijana wa namna hiyo hiyo, na mnamo 1963 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba vijana hao walikosa madini ya zinki. Wakati huo wataalamu wengi hawakuamini kwamba binadamu anaweza kupungukiwa na zinki. Walipopewa zinki na chakula bora, vijana walirefuka sentimita 12 na zaidi kwa mwaka, ndevu zikaota, na sehemu zao za siri zikakomaa katika muda wa miezi. Fikirieni mama wa kijana kama huyo, aliyekuwa ameanza kukata tamaa kwamba mwanawe hataoa.

Lakini mkate una zinki. Kwa nini haikuwafaa? Nafaka na kunde huwa na kitu ambacho wataalamu hukiita fiteti, nacho hushika zinki na madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Unga ukiumuliwa kwa hamira au ukichachushwa, fiteti hupungua. Mkate wa wale vijana haukuumuliwa. Na udongo waliokula ulizidi kuyashika madini yaliyobaki.

Wasikilizaji wangu mnajua nitafika wapi. Hapa kwetu nyanya zetu walichachusha uji wa wimbi na mtama, wakaloweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha, na maji ya kulowekea wakayamwaga. Hawakujua neno fiteti. Lakini kazi waliifanya. Sisi tumeanza kuona uji wa kuchacha kuwa chakula cha ushamba. Na wakati huo huo, katika soko lile lile nililokuwamo, hatua chache kutoka kwa muuza omena, palikuwa na rundo la mawe ya odowa, na wasichana wakiyanunua kama peremende. Dada yangu, ukijikuta unatamani udongo kila siku, usione haya, nenda zahanati upimwe damu. Tamaa hiyo mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huuongeza.

Zinki utaipata katika nyama, maini, dagaa na omena, mayai, maziwa, ndengu, njugu, na mbegu za maboga ambazo wengi wetu tunazitupa. Kipande kidogo cha nyama au kiganja cha omena pamoja na maharagwe husaidia mwili kuchukua madini ya yale maharagwe.

Mnaona jinsi biashara ilivyoweza kuingia hapo pia. Kama zinki ilimkomaza kijana wa Shiraz, kwa nini isiuzwe kwa kila mwanamume? Imeuzwa, tena sana. Mnamo Januari 2020 matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa Marekani yalichapishwa. Wanandoa 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi waligawanywa mara mbili: nusu ya waume walipewa vidonge vya zinki na asidi ya foliki kwa miezi sita, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Waliopewa vidonge vya kweli walipata mtoto hai kwa kiwango cha 34 kwa mia. Wale wa vidonge visivyo na kitu, 35 kwa mia. Mbegu zao hazikuwa bora. Wanaume hao hawakuwa wale vijana wa Shiraz. Kwa jumla, walikuwa wakila vya kutosha.

Kuna utafiti mwingine ambao mtausikia ukitajwa sana, wa mwaka wa 2007. Huko Marekani wauguzi zaidi ya 17,000 waliojaribu kupata mtoto waliulizwa walichokula na wakafuatiliwa kwa miaka minane. Waliokula nafaka zisizokobolewa, waliopata sehemu ya protini yao kwa maharagwe badala ya nyama tupu, waliopata madini ya chuma ya kutosha, na waliojiepusha na yale mafuta yaliyogandishwa kiwandani, walikuwa na shida kidogo zaidi ya yai kutopevuka. Nauheshimu utafiti huu, lakini ni wa kutazama tu. Hakuna aliyegawiwa chakula. Na unahusu yai kutopevuka, si kila aina ya utasa. Kwa jiko la Kenya, maana yake ni kitu kama ugali wa unga usiokobolewa, managu au kunde, na ndengu. Si mlo wa kigeni.

(Muziki mfupi.)

Kiko kirutubishi kimoja ambacho nawasihi mkichukue hata kabla ya kushika mimba, ingawa hakifungui kizazi. Ni asidi ya foliki. Hadithi yake ilianza Bombay, India, mwaka wa 1928, daktari Mwingereza Lucy Wills alipokwenda kuchunguza upungufu wa damu uliowaua wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi maskini wa viwanda vya nguo. Mwaka wa 1931 aliandika kwamba walipona kwa kula dondoo la hamira, chakula cha bei rahisi ambacho Waingereza hupaka kwenye mkate. Kitu kilichowaponya kilipatikana baadaye, mwaka wa 1941, katika majani ya spinachi, na ndiyo sababu kikapewa jina linalotokana na neno la Kilatini la jani.

Miaka 50 ikapita ndipo faida yake nyingine ikathibitishwa. Mnamo 1991 utafiti uliofanywa katika nchi 7 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye uti wa mgongo uliopasuka, akimeza asidi ya foliki kabla ya mimba inayofuata na mwanzoni mwake, hatari ya jambo hilo kujirudia hupungua kwa 72 kwa mia. Tatizo ni wakati. Uti wa mgongo hufunga katika siku 28 za kwanza. Siku hizo mama wengi hawajajua kama ni wajawazito, na kliniki wataanza baada ya miezi minne. Kwa hivyo, kama mnatafuta mtoto, muulize muuguzi kuhusu vidonge vya asidi ya foliki vya mikrogramu 400 kwa siku, tangu sasa. Aliyewahi kupata mtoto wa namna hiyo amwambie daktari, maana kipimo chake ni kikubwa zaidi.

Mwaka wa 2012 Kenya iliweka sheria kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani uongezwe virutubishi, zikiwemo asidi ya foliki, madini ya chuma na zinki. Ni sheria nzuri. Lakini anayesaga mahindi yake kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hapati nyongeza hiyo, na watu hao ndio wengi vijijini. Basi majani ya kijani na maharagwe yasikosekane mezani.

Sasa nirudi kwa yule mama na mkwe wake, maana kuna jambo ambalo halihusu chakula na siwezi kuliacha. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilichunguza wanandoa waliokosa watoto katika nchi 25. Katika Afrika, sababu iliyojitokeza mno kuliko kwingineko ilikuwa mirija ya uzazi iliyozibwa na makovu ya maambukizi: kisonono na magonjwa mengine ya zinaa, au uchafu ulioingia baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Hakuna managu, uji wala unga wa mkebe utakaofungua kovu. Na mara nyingi shida iko kwa mwanamume, au kwa wote wawili, naye anakula, ana nguvu, na anafanya kazi kama kawaida. Nguvu za kitandani hazionyeshi hali ya mbegu. Mwaka wa 2023 shirika hilo hilo lilisema kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hupatwa na tatizo la kukosa mtoto wakati fulani wa maisha yake.

Bibi na bwana wakikaa mwaka mzima bila kinga na bila mimba, waende hospitali pamoja. Mke akiwa na zaidi ya miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke, na hakina kisu wala sindano, kwa hivyo sioni kwa nini kiwe cha mwisho. Wakati huo huo waanze kula pamoja, sahani ileile, na mume apunguze pombe na kuacha sigara. Mbegu ya kiume huchukua siku 70 hivi kutengenezwa, kwa hivyo mabadiliko hayaonekani mwezi huu wala ujao.

Hiyo miezi mitatu ndiyo muda ambao muuzaji aliutaja. Ni muda mzuri kwa biashara, kwa sababu katika kila kundi la wanandoa wanaotafuta mtoto wapo watakaompata kwa miezi mitatu bila kula kitu chochote kipya. Hao wataenda kumshukuru. Wengine hawarudi kudai pesa zao, wanaona haya.

Yule mama nilimpata tena Jumamosi, mahali pale pale. Nilimwambia kwa ufupi haya niliyowaambia. Alisikiliza, akaugeuza mkebe mkononi.

"Kwa hivyo na kijana wangu aende?"

"Aende, mama. Waende wote wawili siku moja."

Akanyamaza kidogo. "Baba yake hatapenda."

"Mwambie tumemtuma sisi wa redio."

Akacheka, akanunua omena vikombe viwili badala ya kimoja, na mbegu za maboga za shilingi hamsini. Mkebe ulikuwa bado ndani ya mkoba wake alipoondoka.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza kuhusu mama anayenyonyesha na kazi za shambani. Ukiwa na swali kuhusu kipindi cha leo, mwulize muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe, au mhudumu wa afya wa kijiji chako. Mimi ni mtangazaji wenu. Kwaherini.

(Muziki unapanda hadi mwisho.)